Njaa Kwanza, Sahani Baadaye: Ayurveda na Ulaji wa Kila Siku

Mgonjwa anayekwenda kwa tabibu wa Ayurveda huko Kerala au Gujarat akitarajia kupewa orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha, mara nyingi hukutana kwanza na maswali. Jana usiku ulikula saa ngapi? Ulipoamka ulikuwa na njaa, au tumbo lilikuwa bado zito? Choo unapata vizuri? Kisha huambiwa atoe ulimi, tabibu atazame kama una utando. Maswali hayo yana sababu. Kwa elimu hii kongwe ya tiba ya Wahindi, afya hutegemea kile ambacho mwili umeweza kukimeng'enya. Hata chakula bora, kikiliwa wakati usiofaa au kupita kiasi, huwa mzigo.

Nguvu ya kumeng'enya huitwa agni, yaani moto. Moto huo ni kama wa jiko la mkaa: ukilijaza mkaa mpya kabla ule wa mwanzo haujashika, utapata moshi tu. Mabaki ya chakula ambacho hakikumeng'enywa sawasawa huitwa ama, na matabibu huyahusisha na uzito wa mwili, uvivu baada ya kula, gesi na ulimi wenye utando. Karibu kila kanuni ya mezani katika Ayurveda imewekwa ili kuulinda moto huo.

Kanuni ya kwanza ni kusubiri mlo uliotangulia umalizike tumboni. Vitabu vya kale vinataja dalili zake: ukicheua husikii tena ladha ya chakula, mwili ni mwepesi, haja zimetoka bila shida, na njaa na kiu vimerudi. Anayetafuna karanga, biskuti na maandazi tangu asubuhi hadi jioni hazioni dalili hizo hata mara moja. Hula kwa sababu saa imefika, au kwa sababu kitu kipo mbele yake.

Kanuni ya pili ni wakati. Ayurveda hufundisha kwamba agni huwa na nguvu zaidi adhuhuri, jua likiwa juu, kwa hiyo mlo mkubwa uwe wa mchana. Chakula cha usiku kiwe chepesi na kiliwe mapema, ili tumbo lipate nafasi kabla ya kulala. Hapa sayansi ya leo inakaribiana na wahenga hao: kwa watu wengi, mwili hutumia insulini vizuri zaidi asubuhi na mchana kuliko usiku. Sahani ileile ya wali ikiliwa saa nne usiku huweza kupandisha sukari ya damu kuliko ikiliwa mchana.

Ya tatu ni kiasi. Charaka Samhita, kitabu kikuu cha tiba hii chenye umri wa takriban miaka 2,000, kinashauri tumbo ligawanywe mafungu 3: moja la chakula kigumu, moja la vinywaji, na la tatu libaki wazi ili mwili ufanye kazi yake. Msomaji Mwislamu atakumbuka mara moja mafundisho ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Kitabu hicho cha Charaka kinaongeza kwamba vyakula vizito viachwe tukiwa tumefika theluthi au nusu ya kushiba. Jambo hilo linawezekana kwa anayekula polepole tu, kwa sababu taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Anayemaliza sahani kwa dakika 5 huongeza chakula kabla mwili wake haujapata nafasi ya kusema basi.

Namna ya kula nayo ina adabu zake: kaa chini, kula chakula cha moto kilichopikwa karibuni, usiharakishe wala usijikokote, usile huku ukicheka na kupiga soga, weka akili kwenye sahani. Simu mezani huvunja karibu zote kwa pamoja.

Kuhusu chakula chenyewe, mlo kamili unatakiwa uwe na ladha 6: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Kichri, chakula ambacho familia zenye asili ya Kihindi hapa Afrika Mashariki hukipika hadi leo, kinaonyesha jinsi hilo linavyowezekana kwenye sufuria moja. Osha mchele na choroko zilizokobolewa na kupasuliwa. Pasha samli kidogo, tia bizari nyembamba, na zikianza kupasuka na kunukia weka tangawizi, manjano na chembe ya mvuje. Mimina mchele na choroko, ongeza maji mengi, chumvi, kisha acha viive hadi vilainike. Mchele unaleta utamu, choroko ukakasi, tangawizi ukali. Kamua ndimu juu yake upate uchachu, na pembeni weka karela au majani ya uwatu kwa ajili ya uchungu. Chakula hiki hupewa mtu anayetoka kuugua kwa sababu hakilichoshi tumbo.

Charaka Samhita hutaja pia, kama mambo ya kuzingatia, mahali chakula kilipoota, msimu, na mlaji mwenyewe. Kwa hiyo asiagize mtu vitu vya bei kutoka India akidhani ndiyo Ayurveda. Choroko, mtama, mchicha, ukwaju na mtindi uliopigwa pamoja na maji vinatosha kabisa kuzifuata kanuni hizi.

Ipo mipaka ya kuheshimu. Mgawanyo wa watu katika aina tatu za maumbile, vata, pitta na kapha, humsaidia tabibu kupanga ushauri wake, lakini hakuna kipimo cha maabara kinachouthibitisha. Samli ina mafuta mengi yanayoganda, kijiko kinatosha. Dawa za Ayurveda ni suala tofauti kabisa na chakula: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Usinunue unga au vidonge visivyojulikana vilikotengenezwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadili saa za kula wala kuruka mlo kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo nao watafute ushauri kwanza.

Kwa aliyebaki, pa kuanzia ni chakula cha usiku. Wiki hii kisogeze kiliwe muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kiasi chake ukipunguze. Asubuhi, kabla ya chai, jiulize kama una njaa ya kweli. Ukiisikia, kula kwa raha. Usipoisikia, subiri ije. Hakuna kiungo sokoni kinachoweza kufanya kazi ya njaa.