Mwanafunzi wa Mbinga na Alfabeti ya Kirusi

Neno Uhuru likiandikwa kwa herufi za Kirusi huwa УХУРУ. Mtu aliyezoea herufi za Kirumi akilitazama kwa mara ya kwanza haoni ndani yake umbo lolote asilolijua. Walakini hakuna hata herufi moja atakayoisoma sawasawa. У ataidhani ni y, Х ataidhani ni x, na Р ataidhani ni p. Basi katika neno hilo moja yamo matatizo makuu ya mwanzo wa kujifunza alfabeti ya Kirusi, nayo hayatokani na ugeni wa herufi, bali na kule kufanana kwake na zile zinazojulikana.

Jambo hili si dogo kwa Watanzania. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kiliasisiwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma katika Umoja wa Kisovieti kwa kawaida walipewa mwaka mmoja wa matayarisho ya lugha, kisha wakaingia darasani kusikiliza utabibu au uhandisi kwa Kirusi. Hata leo wapo Watanzania wanaosoma Urusi. Mwaka mmoja ni muda mfupi, na kila juma linalopotea katika kubabaika na herufi limepunguzwa katika sarufi na msamiati.

Na tumtazame mwanafunzi anayetoka pande za Mbinga, ama katika milima ya Umatengo, ama katika ufuko wa Ziwa Nyasa kule Liuli na Mbamba Bay. Herufi za Kirumi zilienea upande wa ziwa kwa kazi ya misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake Likoma tangu mwaka 1885, na upande wa milima kwa kazi ya Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898. Mtoto wa huko hufundishwa kusoma Kiswahili kwa silabi, ba be bi bo bu, naye hukua akiamini kwamba herufi haisemi uongo: a ni a popote ilipo. Imani hiyo humfaa sana katika Kiswahili. Katika Kirusi humsaidia kwa nusu, na kwa nusu humdhuru.

Alfabeti ya Kirusi ina herufi 33, nazo yafaa zigawanywe katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni herufi zenye umbo na sauti karibu sawa na za Kirumi: А, К, М, О, Т. La pili ni zile zidanganyazo macho: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, na Х inakaribia kh ya neno kheri. La tatu ni maumbo mageni yenye sauti ambazo Mswahili anazo au anazikaribia: Б (b), Г (g), Д (d), З (z), И (i), Й (y), Л (l), П (p), Ф (f), Ч (ch), Ш (sh), Э (e). Fungu la nne lina herufi kumi zilizobaki: Е, Ё, Ю, Я, Ж, Ц, Щ, Ы, na alama mbili zisizo na sauti yake yenyewe, Ъ na Ь.

Aghalabu mwalimu huogopa fungu la tatu, kwa kuwa lina maumbo mengi mageni. Lakini umbo geni halina sauti ya zamani ya kung'olewa. Hupandwa mara moja likashika. Fungu la pili ndilo linalohitaji subira. Kwa hiyo zoezi bora la siku za kwanza ni majina ambayo mwanafunzi anayajua kabla ya kuyasoma, yaani majina ya kwao. РУВУМА lina herufi tatu za udanganyifu, Р, У na В, wala halina umbo geni hata moja. Katika МБИНГА na СОНГЕА imo Н. ЛИУЛИ huleta Л na И. Akikosea, jina lenyewe humsahihisha, maana hakuna mto wa Pybyma.

Jina la ziwa lafundisha zaidi. Warusi huliandika НЬЯСА. Alama Ь hulainisha n iliyotangulia, na Я baada yake husomwa ya, kama mwanzo wa neno yai. Я ikifuata konsonanti bila alama hiyo, huilainisha yenyewe, na silabi ня huikaribia sana nya ya Kiswahili. Mrusi huandika няня na kulitamka karibu kama nyanya, ila kwake maana yake ni yaya wa mtoto, wala si bibi wala tunda. Mswahili asiye na hofu ya ny amekwisha kupata mlango wa kuingilia katika konsonanti laini, ambazo kwa wageni wengi ni kikwazo kikubwa.

Hata hivyo njia hii ina mipaka. Kirusi hakina herufi ya w, ndiyo maana lugha ya Kiswahili huitwa суахили. Wala hakitofautishi ng' na ng, wala hakina th na dh. Majina ya nyumbani ni ngazi ya kupandia, si nyumba ya kukaa.

Baada ya ngazi hiyo huja irabu. О isiyo na mkazo hutamkwa karibu na a: Москва huanza kama Ma, na молоко, yaani maziwa, husikika karibu na malako. Hapa ile imani ya silabi huvunjika. Lakini msemaji wa Kimatengo ana akiba. Lugha yake ina irabu saba, naye akiiandika kwa herufi tano za Kiswahili hulazimika kuiachia e moja na o moja kazi ya sauti mbili. Amekwisha kuishi na herufi isiyotosha sauti. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba anajua hivyo.

Jambo la mwisho ni hati ya mkono. Katika mwandiko wa Kirusi т huandikwa kama m, д kama g, и kama u, na п kama n. Aliyejifunza herufi za chapa peke yake atafika mbele ya ubao na kuona udanganyifu mpya, wakati mhadhiri hamngojei. Kwa sababu hiyo hati ya mkono ifundishwe tangu juma la kwanza, sambamba na chapa, na kwa majina yale yale. Mwanafunzi awezaye kuandika Рувума kwa mkono wake na kulisoma katika mkono wa mwingine yu tayari kwa maneno asiyoyajua.