NDANI YA MWANZI MNA NINI?

Wengi wetu tunautumia mwanzi. Tunasukia matenga na vihenge, tunafanyia fito za nyumba. Mkoani Iringa, miaka ya 1970 na 1980, mianzi ilitobolewa vifundo ikawa mabomba ya kuleta maji vijijini. Lakini mwanzi wa jirani unadumu, na wetu unaanza kumwaga unga mweupe hata mwaka haujaisha. Kwa nini? Hebu tuutazame kwa ndani.

Pasua kipande cha mwanzi mkavu. Utaona nyuzi ndefu zimelala pamoja kufuata urefu wake. Nyuzi hizo hasa ni selulosi, kitu kilekile kilichomo katika pamba. Karibu nusu ya mwanzi ni selulosi, na hiyo ndiyo inayostahimili kuvutwa. Lakini nyuzi peke yake ni kama kamba tu, haziwezi kusimama. Kinachozishika ni gundi ngumu iitwayo lignini, ambayo ni kama robo ya mwanzi. Ni sawa na tofali la udongo na majani makavu. Majani hulizuia tofali lisipasuke, udongo nao huyashika majani. Viwandani wameiga jambo hilohilo: huchanganya nyuzi za mwanzi na plastiki, wakapata mbao za sakafu. Upande wa ganda una nyuzi nyingi kuliko upande wa ndani. Basi anayekwangua ganda lote anatupa nguvu.

Kipo na kitu cha tatu, na hicho ndicho kinacholeta balaa: sukari na wanga. Wenzetu wa Iringa na Njombe hawahitaji kuambiwa. Wanagema ulanzi kwenye mwanzi mchanga, na utamu wa ulanzi ni sukari hiyo. Wadudu wanaotoboa mwanzi wanautafuta wanga huo. Unga ule mweupe ni mabaki yao.

Kwa hiyo, mwanzi wa kujengea tuuache ufike miaka 3 hadi 5. Tukishaukata, tuulaze katika maji yanayotembea kwa wiki kadhaa, tuukandamize kwa mawe usielee. Maji huondoa sehemu ya sukari na wanga. Yatanuka, jamani, kwa hiyo pasiwe mahali pa kuchota maji ya kunywa. Halafu tuukaushe kivulini, maana jua kali huupasua.

Mchwa ni habari nyingine. Hao hula selulosi yenyewe, na kuloweka hakuwazuii. Nguzo ya mwanzi ikae juu ya jiwe, isiguse udongo.

Wapo wanaosema mwanzi unaweza kushika nafasi ya nondo katika zege. Sisi hatukubali. Ndani ya zege bichi mwanzi hunywa maji ukavimba. Zege likikauka, nao husinyaa, pakabaki nafasi. Hapo haushiki tena. Sukari yake nayo huizuia saruji isigande vizuri. Na ukivutwa, mwanzi hurefuka kuliko chuma, kwa hiyo zege hupasuka mapema. Kwa dari na fito, mwanzi unafaa sana. Kwa boriti ya zege, tununue nondo.