Manguredjipa: Kwa nini mawe ya tochi yakiisha hayafufuki

Manguredjipa, katika wilaya ya Lubero, mchimba dhahabu anayeshuka shimoni usiku anahitaji tochi. Wengi hununua betri za bei nafuu, maarufu kama mawe. Ndani yake mna kopo la zinki, unga mweusi wa manganizi, kijiti cha kaboni na uji wa chumvi.

Tochi ikiwashwa, zinki huliwa polepole na kutoa elektroni, ambazo hupitia kwenye balbu hadi kwenye kijiti. Huo ndio umeme, volti 1.5.

Kuanika mawe juani huongeza nguvu kwa muda mfupi tu. Zinki iliyokwisha kuliwa hairudi, na mchimbaji anaweza kuachwa gizani chini ya ardhi. Kuyachaji au kuyatupa motoni ni hatari: yanaweza kupasuka.