Usingizi na afya

Usingizi ni hali ya kawaida ya mwili ambamo mtu au mnyama hupumzika, fahamu zake hupungua kwa muda na misuli yake hulegea. Ni tofauti na kuzimia, kwa kuwa aliyelala anaweza kuamshwa kwa kuitwa au kuguswa.

Binadamu hutumia takriban theluthi moja ya maisha yake akiwa amelala. Muda huo haupotei bure: ndipo ubongo na viungo vingine hufanya kazi ambazo haziwezi kufanyika vizuri mtu akiwa macho.

Jinsi usingizi unavyokuja

Kuna mambo mawili yanayoleta usingizi. La kwanza ni adenosini, kemikali inayozidi katika ubongo kadiri mtu anavyokaa macho, hadi akaanza kusinzia. Akilala, hupungua tena. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai huzuia ubongo usiihisi kemikali hiyo. Hivyo haiondoi uchovu, bali huuficha tu.

La pili ni saa ya ndani ya mwili, inayofuata mzunguko wa takriban saa 24. Giza likiingia, tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini, inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Mwanga huizuia homoni hiyo. Mwaka 2017 Wamarekani Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kugundua, kupitia nzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo.

Hatua za usingizi

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Kila mzunguko huanza na usingizi mwepesi, hufuata usingizi mzito, kisha hatua ambayo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto nyingi hutokea. Hatua hiyo ya mwisho ilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Usingizi mzito huwa mwingi mwanzoni mwa usiku, na wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri. Kwa hiyo anayekatiza usingizi mapema hupoteza zaidi sehemu ya ndoto.

Muda unaohitajika

Mahitaji hubadilika kadiri ya umri:

- watoto wachanga: saa 14 hadi 17 kwa siku
- watoto wa miaka 6 hadi 12: saa 9 hadi 12
- vijana wa miaka 13 hadi 18: saa 8 hadi 10
- watu wazima: saa 7 au zaidi

Katika ujana saa ya mwili husogea mbele, hivyo usingizi huchelewa kuja na kuamka mapema huwa vigumu. Huo si uvivu. Mwanafunzi anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri hupata saa 6 tu. Akihitaji angalau saa 8, kwa siku tano za masomo anapungukiwa na saa 10.

Faida za usingizi na madhara ya kuukosa

Wakati wa usingizi ubongo hupanga na kuimarisha yale yaliyosomwa mchana. Ndiyo maana kukesha usiku wa kuamkia mtihani huweza kumpotezea mwanafunzi sehemu ya kile alichokisoma, na kumpunguzia umakini anapojibu maswali. Katika usingizi mzito hutolewa pia homoni ya ukuaji, ambayo huwasaidia watoto kukua na watu wote kurekebisha tishu zilizochakaa.

Kukosa usingizi kwa muda mrefu huhusiana na shinikizo la damu, kisukari, unene wa kupindukia, huzuni na udhaifu wa kinga ya mwili. Madhara mengine hayangoji miaka: dereva anayesinzia kwa sekunde chache tu anaweza kusababisha ajali kabla hajazinduka.

Namna ya kuboresha usingizi

- Kulala na kuamka saa zilezile kila siku, hata siku za mapumziko.
- Kupata mwanga wa jua asubuhi, na kupunguza taa usiku.
- Kuweka simu mbali na kitanda. Mwanga wake huchelewesha melatonini, na ujumbe unaoingia huamsha akili.
- Kuacha kahawa na chai kali tangu alasiri, na kutokula chakula kizito karibu na kulala.
- Kuepuka pombe: huleta usingizi upesi, lakini huukatakata usiku.
- Kulala ndani ya chandarua, ambacho huzuia pia malaria.
- Kutozidisha nusu saa katika usingizi wa mchana.

Kumwona daktari

Anayekosa usingizi mara tatu au zaidi kwa juma, kwa miezi mitatu, anahitaji kuonana na daktari. Vivyo hivyo anayekoroma sana huku pumzi zikikatika. Katika maeneo yenye mbung'o, kusinzia mchana na kukosa usingizi usiku, pamoja na homa na maumivu ya kichwa, huweza kuwa dalili za malale, ugonjwa unaoua usipotibiwa. Dawa za usingizi zisitumiwe bila ushauri wa daktari, kwani baadhi yake huzoeza mwili.