Moshi Unaolipandisha Lori Mlimani

Lori lililopakia kakao likitoka Kamango kwenda Butembo huanza safari yake chini katika bonde la Semuliki, penye joto, na kuimaliza mjini Butembo, zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari. Kadiri linavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Nayo injini ya mazutu, kama mtu apandaye mlima, haina nguvu bila pumzi ya kutosha. Wanafunzi wetu walituuliza: mbona malori mengine hayachoki huko juu, na ule mlio wa filimbi watoka wapi?

Jawabu limo katika moshi wenyewe. Mazutu yakiungua ndani ya silinda, pistoni husukumwa. Kisha valvu hufunguka na moshi hutoka kwa kishindo, ukiwa ungali na joto la mamia ya digrii. Zamani nguvu hiyo yote ilipotea bure. Mnamo mwaka 1905 Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wa kuitumia. Lakini ilimbidi kungoja hadi mwaka 1925 ndipo afaulu kweli.

Basi moshi haukimbilii nje mara moja. Hupita kwanza katika turbo, chombo chenye umbo la konokono. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye mapanga, na moshi hulizungusha. Upande wa pili wa mhimili uo huo gurudumu jingine huvuta hewa safi, huishindilia na kuipeleka kwenye silinda, mazutu yapate kuungua vema. Filimbi ile ndiyo sauti yao. Bomba likipasuka kabla ya turbo, moshi huvuja njiani, hewa hupunguka, na lori hutoa wingu jeusi huku likikokota miguu.

Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, mhimili wao ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hapo ndipo madereva wengi hukosea. Wakiisha kupanda mlima huzima injini papo hapo. Oili hukoma kupita, nayo turbo ingali moto kama kaa. Oili iliyobaki huungua na kuganda, na mhimili huharibika. Afadhali kuiacha injini ingurume polepole dakika 2 au 3. Mwenye haraka husema huko ni kupoteza mazutu. Na aulize kwanza bei ya turbo mpya!

Baada ya turbo moshi hupita katika sanduku la kupunguza kelele, kisha nje. Wako wanaolikata bomba hilo ili lori lipige kelele za kifahari. Hatuwasifu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu, na bomba lililokatwa huwapulizia moshi huo dereva na akina mama waliokaa na watoto juu ya magunia.