Unyumba Baada ya Kuumia Uti wa Mgongo

Mtu aangukapo mnazini, au lori lipindukapo naye akavunjika uti wa mgongo, hospitali humfundisha mengi: kuketi, kujigeuza asipate vidonda, kuendesha kiti cha magurudumu, kutoa mkojo kwa mpira. Jambo moja hunyamaziwa. Mgonjwa ataka kuuliza, "Je, mimi na mke wangu?", ulimi wamwia mzito, mwuguzi aona haya, daktari adhani mwenzake amekwisha kusema. Basi mtu arudi nyumbani hajui lolote, na ndoa yaingiwa na hofu.

Wako watakaosema kwamba kunyamaza ndiyo mila yetu. Sivyo, ndugu. Mila iliyomweka somo na kungwi kumfunza mwari haikuogopa maneno haya. Ilijua nani aseme, kwa nani, na wapi. Hayo ndiyo yakosekanayo wodini.

Wala si jambo dogo. Mwaka 2004 Kim Anderson, mtaalamu wa Marekani, alitangaza majibu ya watu 681 walioumia hivyo. Waliopooza mikono na miguu walitaka kwanza mikono. Katika waliopooza miguu, fungu lililo kubwa kuliko yote liliweka unyumba mbele, hata kabla ya kutembea.

Na matumaini yapo. Hedhi ya mwanamke huweza kukoma kwa miezi kadhaa, kisha ikarudi, naye akachukua mimba; asiyeitaka yampasa kujikinga. Wanaume wengi husimamisha kwa kuguswa, hata fikira pekee zisipotosha. Vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wengi, ila ni mwiko kwa atumiaye dawa za moyo za naitreti. Mbegu zisipotoka, hospitali kubwa zina njia za kuzipata.

Lakini aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu yake, kichwa kikimgonga ghafla na jasho likimtoka katika tendo, na aache mara moja, aketi wima: shinikizo la damu limepanda, nalo laweza kuua. Nani amwambie, ikiwa wodi nzima imenyamaza?

Mwuguzi hana haja ya kujua yote. Mwaka 1976 Jack Annon, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza ngazi ya hatua nne, na ya kwanza ni kumpa mtu ruhusa ya kusema, basi. "Wengi walioumia kama wewe huuliza juu ya unyumba, nawe wapenda tuzungumze?" Swali hilo liulizwe faraghani, mwenzi wake akiitwa kwa ridhaa yake, tena lirudiwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kwani siku za kwanza yuko asiyetaka kulisikia.