Kurejea Nyumbani na Gari: Miezi 12 Inayoamua Msamaha wa Ushuru

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayehitimisha makazi yake ughaibuni na kurejea Tanzania anaruhusiwa na sheria kuingiza gari lake moja bila kulipa ushuru wa forodha. Ruhusa hiyo imo katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika nchini na katika nchi nyingine wanachama wa Jumuiya. Msamaha huu haupatikani kwa kubembeleza bandarini. Una masharti, na sharti zito kuliko yote hutimizwa au huvunjwa muda mrefu kabla ya meli kung'oa nanga: mwenye gari awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe, nje ya nchi, kwa muda usiopungua miezi 12.

Maneno mawili katika sharti hilo yanastahili kusomwa kwa utulivu, yaani kumiliki na kutumia. Mtanzania anayeishi Uingereza akiagiza gari kutoka Japani kwa njia ya mtandao, likapakiwa Yokohama na kushushwa Dar es Salaam, amelimiliki lakini hajalitumia. Hata kama risiti ina umri wa mwaka mzima, gari hilo ni bidhaa iliyoagizwa kama nyingine yoyote. Vivyo hivyo, aliyetembelea gari la mwajiri au la mwenzi wake kwa miaka mitano amelitumia, lakini hakuwa mmiliki.

Hesabu ya miezi nayo ina mtego wake. Sheria inasema muda ambao gari liko safarini melini hauhesabiwi. Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua gari mwezi Machi na kulikabidhi kwa kampuni ya meli Januari ya mwaka unaofuata. Amelitumia kwa miezi kumi. Gari likikaa baharini na katika bandari za njiani hadi mwisho wa Machi, kwenye kalenda mwaka umetimia, ila kwa forodha bado ni miezi kumi ile ile. Mtu huyo angesubiri miezi miwili tu kabla ya kulipakia, angekuwa ndani ya sheria.

Masharti mengine ni mepesi kueleza. Mhusika awe ametimiza umri wa miaka 18. Gari liwe moja, na lisiwe basi au basi dogo lenye nafasi ya abiria zaidi ya 13, wala gari la mizigo lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani mbili. Ofisa wa Forodha aridhike kwamba mhusika anahamisha makazi kwa dhati, si mtu aliyekuja likizo akiwa na tiketi ya kurudi mfukoni. Inafaa ieleweke pia kwamba kifungu hiki kinazungumzia makazi wala hakitaji uraia. Humhusu mkazi anayerejea, na humhusu pia mtu anayewasili kwa mara ya kwanza kuja kuishi nchini.

Ushahidi ndio kazi kubwa, na hapa ndipo wengi huchelewa. Nyaraka zinazothibitisha umiliki hukusanywa kwa urahisi mtu akiwa bado anaishi huko; akishafunga virago, barua moja tu inaweza kugharimu wiki kadhaa. Aidha, kila nchi ina utaratibu wake wa kuliondoa gari katika daftari.

Nchini Uingereza, hati ya usajili wa gari, ambayo wengi wanaijua kwa jina la V5C, imeandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu aliyesajiliwa kuwa mtunzaji wa gari. Kwa sababu hiyo, mwenye kutegemea hati hiyo peke yake ajiongezee risiti ya ununuzi, kumbukumbu za malipo ya benki na vyeti vya bima kwa kipindi chote cha matumizi. Gari linapotoka nchini humo moja kwa moja, sehemu ya hati hiyo inayohusu usafirishaji wa kudumu hujazwa na kutumwa kwa mamlaka ya magari, DVLA, iliyoko Swansea. Sehemu iliyobaki mwenye gari huihifadhi, kwa kuwa ndiyo itakayohitajika katika usajili mpya. Kutuma hati nzima ni kujitafutia usumbufu usio wa lazima.

Marekani hati ya umiliki hubeba uzito zaidi. Nyaraka za gari linalosafirishwa nje huwasilishwa kwa forodha ya nchi hiyo pamoja na gari lenyewe, saa 72 kabla ya kuondoka. Ikiwa gari bado lina deni la benki, hutakiwa barua ya mkopeshaji ya kuridhia lisafirishwe. Suala la deni haliishii Marekani. Gari lililonunuliwa kwa mkataba wa malipo kidogo kidogo, katika nchi nyingi, hubaki mali ya mkopeshaji hadi awamu ya mwisho ilipwe. Anayemaliza deni wiki moja kabla ya kusafiri anaweza kuulizwa, kwa haki kabisa, alikuwa mmiliki tangu lini. Ni vema akamaliza mapema na kuomba barua ya uthibitisho.

Kwa upande wa makazi, hati zinazosaidia ni zile zinazoonesha maisha yaliyofungwa upande mmoja na kufunguliwa upande mwingine: pasipoti yenye mihuri, barua ya kumaliza ajira au masomo, mkataba wa nyumba uliositishwa, hati ya ukaazi wa nchi anayotoka. Hati zilizoandikwa kwa Kijerumani, Kiarabu au Kijapani zitafsiriwe kabla ya gari kufika.

Muda wa kuingiza gari pia umewekewa mpaka. Mizigo ya mtu anayehamisha makazi inapaswa kuingia nchini ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe alipowasili. Kamishna anaweza kuongeza muda huo, lakini usizidi siku 360 tangu tarehe ya kuwasili. Hivyo mtu asirudi nyumbani, akaanza ujenzi na shughuli nyingine, ndipo baada ya mwaka na nusu akumbuke gari aliloliacha katika karakana ya rafiki. Anayeona kwamba siku 90 hazitamtosha aombe nyongeza kwa maandishi zikiwa hazijaisha.

Je, ni fedha kiasi gani zinazozungumziwa? Chukua gari lenye injini ya cc 1,500 ambalo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam, imekubaliwa kuwa shilingi milioni 10. Bila msamaha, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha, nao ni shilingi 625,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huja juu ya vyote hivyo na kufikia shilingi 2,362,500. Jumla ni shilingi 5,487,500, bila tozo ndogondogo.

Gari hilo likiwa limezidi umri wa miaka 10 tangu kutengenezwa, huongezwa ule ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Hapo jumla hupanda hadi shilingi 9,912,500, takriban sawa na thamani ya gari lenyewe. Viwango hivi hupitiwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha inayoanza kutumika Julai Mosi, kwa hiyo anayepanga kurejea katikati ya mwaka ahesabu kwa viwango vya tarehe atakayofikia.

Jedwali la Tano linahusu ushuru wa forodha. Kodi nyingine zina sheria zake, na barua ya maombi kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inapaswa kutaja kila kodi inayoombewa msamaha badala ya kuandika kwa ujumla. Kuomba majibu ya maandishi kabla ya kulipia nauli ya meli ni busara isiyogharimu kitu.

Msamaha wenyewe hauondoi kila gharama. Gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, ukaguzi wa ubora na ada za usajili hubaki kwa mwenye gari. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo uamuzi wa kweli hufanyika. Si kila gari linastahili safari. Toyota ya kawaida itapata vipuri Kariakoo na Gerezani siku hiyo hiyo, na fundi wa mtaani anaifahamu. Vauxhall ya dizeli iliyokuwa ikienda vizuri katika barabara za Birmingham inaweza kusimama miezi miwili ikisubiri kifaa kimoja kidogo. Gari lenye usukani wa kushoto, kutoka Marekani au Ujerumani, litaendeshwa katika nchi ambayo magari hupita kushoto, na dereva wake atalazimika kuchungulia kila anapotaka kulipita lori. Msamaha wa shilingi milioni mbili na nusu haulifanyi gari lisilofaa kuwa gari linalofaa.

Anayehamia Kenya, au kupeleka gari huko, ajue kwamba ingawa sheria ya forodha ni moja, masharti ya gari lenyewe si yale yale. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, na gari la kawaida lenye usukani wa kushoto halisajiliwi huko. Gari linaloingia Tanzania kwa kulipiwa ushuru wa uchakavu linaweza kuzuiwa kabisa Mombasa.

Gari likishashushwa, saa huanza kukimbia. Sheria inataka tamko la forodha lifanyike ndani ya siku 21 tangu meli ilipoanza kushusha. Baada ya hapo mzigo unaweza kupelekwa katika ghala la forodha, na usipoondolewa hata baada ya notisi ya siku 30, huhesabiwa kuwa umetelekezwa na hupigwa mnada. Gharama za kuhifadhi huongezeka kwa siku. Wakala wa forodha awe mwenye leseni, na apewe nakala za nyaraka zote, ikiwemo hati ya shehena ya kampuni ya meli, kabla gari halijafika. Jina lililo kwenye hati hiyo lifanane na lililo kwenye pasipoti na kwenye hati ya gari. Tofauti ya herufi moja huzua maswali, na wenye majina yaliyobadilika baada ya ndoa waambatanishe cheti.

Usajili kwa Tanzania Bara hufanywa na TRA, na mwenye gari anahitaji kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Hapo hupatikana kadi ya gari na namba inayoanza na herufi T. Kwa anayerejea Unguja au Pemba, ushuru wa forodha ni suala la Muungano na hushughulikiwa na TRA, lakini usajili hufanywa na mamlaka za Zanzibar, ambako namba huanza na Z. Bima ya ng'ambo haifuati gari. Kabla halijaingia barabarani linahitaji bima iliyokatwa nchini, angalau ile ndogo inayomlinda mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kisheria.

Gari lililoingia kwa msamaha halipaswi kuuzwa kama lililolipiwa ushuru. Likihamishiwa kwa mtu asiyestahili msamaha, ushuru hudaiwa. Na aliyewahi kupata msamaha huu hawezi kupata mwingine hadi awe amelitumia gari la kwanza nchini kwa muda usiopungua miaka minne, na ushuru wake uwe umelipwa. Mnunuzi wa gari la aina hii naye aulize historia yake TRA kabla ya kutoa fedha, maana deni la ushuru linaweza kumfikia akiwa na gari mikononi.

Wako wasiotaka kuhamisha usajili kabisa: mtu aliyekuja kwa kazi ya miezi michache, au ndugu aliyeendesha kutoka Nairobi au Lusaka kuja kwenye harusi. Hao huingia kwa kibali cha muda kinachotolewa mpakani. Sheria inaweka ukomo wa miezi 12 kwa bidhaa zinazoingizwa kwa matumizi ya muda, lakini tarehe inayomfunga mgeni ni ile iliyoandikwa kwenye kibali chake, ambayo inaweza kuwa fupi zaidi. Gari linalobaki barabarani na namba za kigeni baada ya tarehe hiyo linaweza kukamatwa. Aliyebadili nia na kuamua kukaa aende ofisi ya Forodha kibali kikiwa hai, ili gari lihamishiwe katika matumizi ya ndani kwa utaratibu. Kwa wanaotoka nchi zilizo katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ambao Tanzania imo, kadi hiyo hukatwa kwa kampuni ya bima ya nchi gari liliposajiliwa, kabla ya kuanza safari.